Charles Babbage, Mtu Aliyechoshwa na Makosa ya Hesabu

Wanafunzi wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hupewa zoezi moja ambalo mwanzoni laonekana kuwa dogo sana. Huambiwa: hizi hapa orodha mbili za namba, andika programu itakayozilinganisha, iseme kama ni sawa ama si sawa, na kama si sawa ioneshe ni mahali gani zinapoachana. Wako wanaolidharau zoezi hili, wakaliandika upesi upesi, kisha wakashangaa kuona programu yao yatoa jibu la uongo. Lakini kazi hiyo hiyo ya kulinganisha orodha mbili, ilipofanywa zamani kwa macho na kalamu, ndiyo iliyomwingiza mtu mmoja wa Uingereza katika shughuli iliyomchukua umri wake wote, na mwisho wake leo twauona mezani katika chumba cha kompyuta. Mtu huyo ni Charles Babbage. Habari za maisha yake zinamfaa kila mwanafunzi, awe apenda hesabu au azikimbia.

UTOTO WAKE NA MASOMO

Charles Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake, Benjamin Babbage, alikuwa mtu wa benki mwenye mali nyingi, na asili ya jamaa zake ilikuwa Totnes, katika jimbo la Devon. Mtoto huyu hakuwa na afya nzuri. Alipatwa na homa kali, wazazi wake wakaogopa, wakampeleka shamba kwa mwalimu mmoja karibu na mji wa Exeter, na mwalimu akaagizwa asimchoshe kwa masomo. Lakini mtoto mwenye kiu ya kujua hazuiliki. Tangu udogo alikuwa akipewa kitu cha kuchezea, hukifungua apate kuona kilichomo ndani.

Baadaye alipelekwa shule ya Enfield, karibu na London. Huko alikuta vitabu vya hesabu, akavipenda mno hata yeye na mwenzake mmoja wakawa wakiamka saa tisa za usiku, wenzao wamelala, wakawasha moto katika chumba cha masomo na kusoma aljebra mpaka karibu na alfajiri. Mwalimu alipopata habari aliwakataza, kwa kuwa aliona wataharibu afya zao.

Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alifika akiwa amekwisha soma mengi peke yake, na mara nyingine aliwauliza walimu wake maswali wasiyoweza kuyajibu. Aliona kwamba hesabu zilizokuwa zikifundishwa Cambridge zilikuwa nyuma ya zile za Ufaransa. Basi mwaka 1812 yeye na rafiki zake, miongoni mwao John Herschel na George Peacock, waliunda chama cha wanafunzi cha kuleta njia hizo mpya. Wazee wengine waliwacheka, lakini baada ya miaka michache Cambridge ikazifuata njia zile zile. Huyo Herschel alikuwa mwana wa William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, naye akawa rafiki wa Babbage maisha yao yote.

Babbage alimaliza masomo mwaka 1814, na mwaka huo huo akamwoa Georgiana Whitmore. Baba yake hakuridhika na ndoa hiyo, lakini vijana wale walipendana na wakaishi kwa furaha mjini London. Mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 24, alichaguliwa kuwa mmoja wa wanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wataalamu wa sayansi wa nchi ile.

MAJEDWALI NA HATARI YAKE

Ili tuelewe jambo lililomsumbua, yafaa kwanza tujue majedwali ni nini. Wazazi wetu waliosoma sekondari zamani wanakikumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali ya logi, kilichojaa safu za tarakimu tangu jalada hata jalada. Kabla ya mashine za kupigia hesabu, mtu aliyetaka kuzidisha namba kubwa alitafuta logi zake katika jedwali, akazijumlisha, kisha akalitafuta jibu. Nahodha wa meli aliyekuwa kati ya bahari, asiyeona nchi upande wo wote, alipima mahali pa jua, mwezi na nyota, kisha akafungua majedwali ili ajue yuko wapi. Mhandisi, mtu wa benki, mtu wa bima, mpima ardhi, wote walitegemea vitabu hivyo.

Na majedwali hayo nani aliyatengeneza? Yalitengenezwa na watu, waliokaa kitako wakipiga hesabu siku kutwa kwa malipo. Watu hao kwa Kiingereza waliitwa kompyuta. Jina hilo lilikuwa la watu kabla halijawa la mashine. Na mtu huchoka. Huandika 6 mahali pa 9, hugeuza 52 ikawa 25, husahau kupeleka moja mbele. Akishamaliza yeye, huja mwandishi wa kunakili naye akakosea, kisha mpanga herufi wa kiwanda cha kupiga chapa naye akaongeza yake. Mwaka 1834 mwandishi Dionysius Lardner alieleza kuwa katika vitabu 40 tu vya majedwali yalikuwa yamekwisha julikana makosa 3,700. Na hayo ni yale yaliyogunduliwa. Yaliyojificha nani ayahesabu? Kosa moja katika ukurasa mmoja laweza kumpeleka nahodha mwambani.

Dawa iliyotumika ilikuwa ni kulinganisha. Hesabu moja walipewa watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha orodha zao zikawekwa pamoja. Mahali zilipoachana palikuwa na kosa. Kitabu cha Serikali ya Uingereza cha kuwaongoza mabaharia, kilichoanza kwa ajili ya mwaka 1767, kilitengenezwa hivyo: wapiga hesabu wawili waliokaa mbali mbali, na mtu wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kulinganisha. Hata miaka michache baadaye mlinganishaji aliona ajabu: wapiga hesabu wawili walikuwa wakikubaliana kupita kiasi, hata katika makosa. Kumbe walikuwa wakiigiliziana. Wakafukuzwa kazi. Wanafunzi wenzetu wenye tabia ya kuchungulia daftari la jirani wakati wa mtihani na walitie jambo hili moyoni: hakuna kinachowafichua waigaji upesi kama kosa moja la ajabu likionekana mahali pawili.

Ufaransa nako, baada ya Mapinduzi, Gaspard de Prony alipewa kazi ya kutengeneza majedwali makubwa kuliko yote. Aliwagawa watu wake makundi matatu. Kundi la kwanza, watu wachache wenye elimu kubwa, walichagua kanuni. La pili waligeuza kanuni hizo kuwa namba za kuanzia. La tatu, watu wapatao 60 hadi 80, wengi wao hawakujua zaidi ya kujumlisha na kutoa, ndio waliofanya hesabu zenyewe. Kazi yote ilifanywa mara mbili ili ilinganishwe. Babbage alifika Paris mwaka 1819 akapata habari za kazi hiyo, na neno moja likabaki katika fikira zake: kama sehemu kubwa ya kazi ni kujumlisha tu, mbona isifanywe na magurudumu?

SIKU YA MWAKA 1821

Mwaka 1820 Babbage na Herschel walikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Elimu ya Nyota mjini London. Chama kilihitaji majedwali, na mwaka 1821 wao wawili walikaa kuyakagua. Hesabu zilikuwa zimekwisha pigwa na watu wawili mbali mbali. Mmoja alisoma, mwingine akafuata kwa macho katika karatasi ya pili, namba kwa namba. Wakakuta tofauti, wakaendelea, wakakuta nyingine, na kadiri walivyoendelea ndivyo makosa yalivyozidi. Babbage akachoka roho, akamwambia rafiki yake kwamba laiti hesabu hizi zingefanywa kwa nguvu ya mvuke. Herschel akajibu kuwa jambo hilo halikosi kuwezekana. Maneno mengine husemwa yakapita. Haya hayakupita.

Hapa na tusimame kidogo tulitazame zoezi letu, maana Herschel na Babbage walikuwa wakifanya kwa macho jambo ambalo sisi twatakiwa kuiagiza mashine ilifanye. Tuseme orodha ya kwanza ni 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, na ya pili ni 1, 4, 9, 25, 16, 36, 49. Je, ni sawa?

Mwanafunzi mmoja husema: nitajumlisha kila orodha, majumlisho yakilingana basi orodha ni sawa. Ajaribu. Orodha zote mbili jumla yake ni 140, na hali namba ya nne na ya tano zimebadilishana mahali. Katika jedwali la nahodha, kosa hilo latosha kuzamisha meli. Kwa hiyo hapana njia ya mkato. Ni lazima kulinganisha mahali kwa mahali.

Mwanafunzi wa pili hulinganisha mahali kwa mahali, lakini programu yake ikiona namba za kwanza zafanana hutangaza papo hapo kuwa orodha ni sawa. Hili ndilo kosa la wengi. Tofauti moja yatosha kusema si sawa. Lakini hakuna awezaye kusema ni sawa mpaka afike mwisho wa orodha.

Wa tatu husahau kupima urefu. Orodha moja ikiwa na namba saba na nyingine sita, programu itatafuta namba ya saba mahali ambapo hapana kitu, nayo itakwama. Na katika lugha nyingi za programu mahali pa kwanza pahesabiwa kuwa 0, si 1. Basi orodha ya namba saba huanzia 0 na kuishia 6.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza pima urefu wa orodha zote mbili; ukitofautiana, sema si sawa, kazi imekwisha. Pili, anza mahali pa kwanza, tazama namba mbili zilizo hapo. Tatu, zikitofautiana, andika ni mahali gani. Nne, sogea mbele hatua moja ufanye vile vile mpaka mwisho. Tano, ukifika mwisho bila kuandika kitu, ndipo useme orodha ni sawa. Hatua tano tu, lakini ukiruka moja wapo umeharibu yote.

MASHINE YA TOFAUTI

Babbage hakutaka mashine ya kukagua makosa ya watu. Alitaka mashine isiyokosea tangu mwanzo, tena ipange tarakimu za chapa yenyewe ili mpanga herufi naye asipate nafasi ya kuharibu. Kanuni aliyoitumia ni nyepesi, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifuata. Chukua 1, 4, 9, 16, 25. Toa kila namba katika ile inayofuata, utapata 3, 5, 7, 9. Fanya hivyo tena, utapata 2, 2, 2. Hiyo 2 haibadiliki. Basi ukitaka namba inayofuata huna haja ya kuzidisha: 9 na 2 ni 11, na 25 na 11 ni 36. Kwa kujumlisha tu waweza kwenda mbele upendavyo. Kwa kuwa mashine hii ilitumia tofauti za namba, aliiita Mashine ya Tofauti.

Mwaka 1822 alikuwa na mfano mdogo uliofanya kazi, akawaonyesha wataalamu wakapendezwa. Chama cha Elimu ya Nyota kilimpa nishani ya dhahabu, na mwaka 1823 Serikali ikakubali kumpa fedha. Akamwajiri fundi hodari wa vyuma, Joseph Clement. Kazi ilikuwa ngumu. Mashine nzima ilihitaji vipande vipatavyo 25,000, na kila kimoja kilitakiwa kifanane kabisa na mwenzake, katika siku ambazo karakana nyingi zilitengeneza kila kitu kwa makadirio ya jicho la fundi.

Wakati huo huo aliendelea na kazi ya majedwali kwa mkono. Mwaka 1827 alitoa kitabu cha logi za namba tangu 1 hadi 108,000, alichokilinganisha na vitabu vingine tena na tena hata kikasifiwa kwa usahihi wake. Katika kulinganisha huko aligundua jambo la kustaajabisha. Yalikuwapo makosa sita katika majedwali ya Mholanzi Adriaan Vlacq ya mwaka 1628. Babbage aliyakuta makosa hayo katika vitabu vya baadaye vya nchi mbali mbali. Katika maktaba ya Royal Society kulikuwa na majedwali yaliyopigwa chapa kwa Kichina. Akayafungua, na humo akayakuta makosa yale yale sita. Kwa hiyo ilijulikana kuwa hayakupigwa hesabu upya, yalinakiliwa tu. Mtu ambaye angelinganisha vitabu viwili kati ya hivyo angeviona vyakubaliana kila mahali, akavisadiki, kumbe vyote vimekosea. Kukubaliana kwa mashahidi wawili hakufai kitu iwapo mmoja amemsikiliza mwenziwe.

MWAKA WA MISIBA

Mwaka huo wa 1827, uliomletea sifa, ulimletea pia huzuni kubwa kuliko zote. Katika miezi michache alikufa baba yake. Kisha mwanawe aliyeitwa Charles. Kisha mkewe Georgiana pamoja na mtoto mchanga. Babbage alishindwa kufanya kazi. Rafiki zake wakamshauri asafiri, naye akatembea Ulaya kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1834 alifiwa na binti yake, aliyepewa jina la mama yake. Katika watoto wanane aliowapata, ni wachache tu waliofikia utu uzima. Hakuoa tena.

Alirudi Uingereza akiwa amechaguliwa, mwaka 1828, kuwa Profesa wa Hesabu wa Cambridge katika kiti alichowahi kukikalia Isaac Newton. Alikishika mpaka mwaka 1839, lakini hakupata kutoa mhadhara hata mmoja, maana mawazo yake yote yalikuwa kwenye mashine.

Mwaka 1832 sehemu moja ya mashine, kama fungu la saba hivi, iliunganishwa, nayo ilifanya kazi bila kosa. Aliiweka nyumbani kwake, na wageni waliokuja kumtembelea Jumamosi usiku waliizungusha kwa mkono wakastaajabu. Lakini mwaka 1833 yeye na Clement waligombana juu ya malipo na kuhamisha karakana. Clement akaacha kazi, akaondoka na vyombo, kwa kuwa desturi ya wakati ule ilikuwa vyombo ni mali ya fundi. Mashine haikusonga mbele tena. Hata mwaka 1842 Serikali ya Sir Robert Peel ikakata shauri kuiacha kabisa. Ilikuwa imekwisha tumia pauni 17,000 na zaidi. Tupate kipimo: injini ya garimoshi iliyoitwa John Bull, iliyotengenezwa mwaka 1831, iligharimu pauni 784. Hatuwezi kuilaumu sana Serikali, maana ilitoa fedha, ikangoja karibu miaka ishirini bila kupata mashine. Wala hatuwezi kumlaumu sana Babbage, maana alikuwa akitengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Lakini hapana shaka ulimi wake mkali ulimharibia. Alipokwenda kuonana na Waziri Mkuu alitumia wakati mwingi kunung'unikia jinsi alivyotendewa kuliko kueleza faida ya kazi yake, akatoka mikono mitupu.

KINU NA GHALA

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowatia watu wa Serikali wasiwasi. Mwaka 1834 Babbage alipata wazo la mashine kubwa zaidi, akaiita Mashine ya Uchambuzi. Ile ya kwanza ilijua kazi moja tu, kujumlisha tofauti. Hii ya pili ingefanya hesabu ya namna yo yote, kwa kufuata amri zilizotobolewa katika kadi. Wazo la kadi zenye matundu alilipata kwa wafuma nguo wa Ufaransa, waliotumia mtambo wa Jacquard kufuma hariri yenye maua. Mashine ilikuwa na sehemu mbili kubwa: ghala, namba zinapowekwa, na kinu, namba zinaposagwa. Kompyuta zetu hata leo zina mgawanyo huo, ingawa majina yamebadilika.

Lililo kubwa zaidi ni hili: mashine hiyo iliweza kulinganisha. Ingetoa namba moja katika nyingine, na kwa kutazama jibu limepita chini ya sifuri ama la, ingechagua yenyewe iendelee na kadi za mbele ama irudi nyuma irudie kazi. Mwanafunzi anapoandika katika programu yake kwamba namba hizi zikitofautiana fanya hivi, la sivyo fanya vile, anaitumia hekima ile ile ambayo Babbage aliichora kwa magurudumu ya shaba.

Mwaka 1840 alikaribishwa Turin, huko Italia, akawaeleza wataalamu mashine yake. Mmoja wao, Luigi Menabrea, aliandika habari zake kwa Kifaransa mwaka 1842. Mwanamke mmoja wa Uingereza, Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, akazitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1843. Ada alikuwa amemjua Babbage tangu mwaka 1833, alipokuwa msichana wa miaka 17. Hakutosheka kutafsiri, aliongeza maelezo yake mwenyewe, yaliyokuwa marefu mara tatu hivi kuliko maandishi yenyewe. Humo alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingepiga hesabu ya namba za Bernoulli. Wengi huyahesabu maelezo hayo kuwa programu ya kwanza kupigwa chapa, na hali mashine ya kuiendesha haikuwapo. Alionya pia kwamba mashine haina busara ya kuanzisha jambo. Hufanya tu lile ambalo sisi twajua kuiagiza. Ada alifariki mwaka 1852, umri wake miaka 36.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Kati ya mwaka 1847 na 1849 Babbage alichora Mashine ya Tofauti ya pili, nyepesi na bora kuliko ya kwanza. Aliitoa kwa Serikali mwaka 1852, ikakataliwa. Huko Sweden, Georg Scheutz na mwanawe Edvard, waliosoma habari za Babbage katika maandishi ya Lardner, walifaulu kutengeneza mashine ya tofauti iliyo ndogo. Mtu mwingine angeona kijicho. Babbage aliwasifu na kuwasaidia, na mwaka 1855 mashine yao ikapata nishani ya dhahabu mjini Paris.

Katika uzee wake alikuwa mtu wa hasira, hasa kwa wapiga vinanda wa barabarani waliomkosesha utulivu wa kufikiri. Alipowashitaki, wengine walizidi kuja mlangoni pake makusudi. Hata hivyo aliendelea kuchora mpaka mwisho. Alifariki London tarehe 18 Oktoba, 1871, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 80. Hakuiacha hata mashine moja kubwa iliyokamilika, na wengi walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa.

Je, alishindwa? Wataalamu wa Makumbusho ya Sayansi ya London walitaka kujua. Walizitwaa zile picha za Mashine ya Tofauti ya pili, wakaitengeneza kama alivyoichora, kwa vipimo ambavyo mafundi wa siku zake wangeviweza. Mwaka 1991, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake, sehemu ya hesabu ilikamilika, na mwaka 2002 ikaongezwa sehemu ya kupiga chapa. Ina vipande 8,000 na uzito wa tani tano. Walizungusha mkono wake, na magurudumu yakatoa majibu yenye tarakimu 31, sawa sawa. Hesabu za Babbage zilikuwa za kweli. Kilichokosekana kilikuwa ni fedha, saburi na mapatano kati ya watu.

MAFUNZO KWETU

Katika maisha haya mna mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza, jambo dogo lisidharauliwe. Maelfu ya watu walikuwa wamekwisha linganisha orodha za namba kabla ya mwaka 1821, wakachoka, wakaenda kulala. Babbage naye alichoka, lakini alijiuliza kwa nini kazi iwe hivyo. La pili, elimu peke yake haitoshi. Mtu mwenye akili nyingi asiyeweza kupatana na fundi wake wala kusema na wakubwa kwa upole, kazi yake yaweza kumfia mikononi. La tatu, kulingana si ukweli. Jibu lako likilingana na la jirani, bado hujathibitisha kitu, ila ikiwa kila mmoja amelitafuta kwa njia yake mwenyewe.

Basi, mwenzetu utakapopewa lile zoezi, usiridhike programu ikishatoa jibu mara moja. Ijaribu kwa orodha zinazofanana, na kwa zinazotofautiana mwanzoni, kati na mwishoni. Ijaribu kwa orodha mbili ambazo moja ni fupi, na kwa orodha isiyo na kitu ndani. Kisha chukua karatasi, ufanye hesabu hiyo hiyo kwa mkono, uone kama wewe na mashine mmefika mahali pamoja.